Siku Moja ya Kuiona Lilongwe

Mdogo wangu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ujumbe wako umenichekesha. Unatazama video za meli za kitalii, watu wanashushwa asubuhi Mombasa, wanakimbizwa Fort Jesus, jioni wanarudi melini, nawe unaniuliza lini utaingia mji mkubwa kwa mtindo huo. Malawi hatuna bahari, mpenzi. Ila safari ya kushinda mjini na kurudi jioni unayo: Lilongwe ni kilomita kama 40 tu kutoka hapo ulipo.

Kwanza kibali cha kutoka kambini. Tangu Mei 2023, serikali ilipoanza kuwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na kuwarudisha kambini, si jambo la kubahatisha. Beba karatasi yenyewe, picha ya simu haitoshi, na tarehe zake uzisome kabla hujapanda minibasi. Sitaki kusikia "nilidhani hawataniuliza".

Pili, usijaribu kumaliza mji. Lilongwe imesambaa, na namba za mitaa yake, hizi Area, zitakupoteza, kwa kuwa hazikupangwa kwa kufuatana. Area 47 iko karibu na mjini kuliko Area 25! Ukija kunisalimia huku Area 36, siku yako imeisha, nitakusamehe usipokuja.

Mimi ningeanzia mji wa zamani, sokoni kando ya mto. Pale kuna vidaraja vya mbao vilivyopigiliwa na vijana wenyewe, na mwishoni amekaa mtu anayedai hela ya kuvuka. Kwa hiyo weka kwacha ndogondogo mfuko wa mbele, pesa kubwa uifiche kwingine, simu usiishike mkononi kwa ajili ya selfi katikati ya msongamano. Njaa ikiuma, tafuta chiwaya, lile bati la kukaangia chipsi barabarani. Unapewa na kachumbari ya kabichi na nyanya, chumvi unajimiminia. Hoteli waachie wenye dola.

Ukishiba, panda minibasi ya City Centre. Bunge utaliona kwa nje, na karibu yake kaburi la Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi. Liangalie vizuri. Dzaleka yako ilikuwa gereza la kisiasa zama za utawala wake, kabla haijafanywa kambi mwaka 1994. Kuna pia mnara wa kumbukumbu ya askari wa vita vikuu viwili, wakiwemo wa King's African Rifles, jeshi lililokuwa na Wanyasa (ndio Wamalawi wa leo), Wakenya na Watanganyika, na Kiswahili kilisikika sana katika kambi zake. Kama umechoka na mawe, nenda kituo cha wanyama waliookolewa, Lilongwe Wildlife Centre, kwenye barabara iliyopewa jina la Kenyatta. Pana kiingilio, uliza bei kwanza.

Kiswahili chako hakitakufikisha mbali, maana konda anazungumza Kichewa. "Muli bwanji" mwanzoni na "zikomo" mwishoni zinalainisha hata nauli. Nauli yenyewe waulize abiria wenzako, usimuulize konda.

Tena usiende peke yako mara ya kwanza. Nenda na mwenzio anayeijua njia, na mama nyumbani ajue mmepita wapi. Minibasi haiondoki mpaka ijae, kwa hiyo saa tisa alasiri muwe mmeshakaa ndani, kibali mfukoni.