Gitaa Kuukuu la Musinzira: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kichongwe

Gitaa la bei rahisi likikaa miaka bila kuguswa, nyuzi hukatika, funguo za kukazia hushika kutu, na kile kipande cheupe kinachozibeba nyuzi upande wa chini hupotea. Kwa mtu wa Musinzira, mjini Gitega, swali la kwanza huwa: vipuri nitavipata wapi? Mimi naomba tutangulize swali jingine: kila kipuri kinafanya kazi gani? Ukiijua kazi yake, utajua kipi lazima kinunuliwe na kipi kinapatikana buchani.

Tuanze na uzi. Ukiudonoa, wimbi hukimbia hadi mwisho wake na kurudi, na kila kwenda na kurudi ni mtetemo mmoja. Uzi mwembamba kuliko wote hutetema mara 330 hivi kwa sekunde. Katika magitaa mengi uzi una urefu wa karibu sentimita 65, kwa hiyo safari nzima ni sentimita 130. Zidisha kwa 330: wimbi linakimbia mita 429 kila sekunde, kwa kasi kuliko hata sauti yenyewe inavyokwenda hewani.

Kasi hiyo inategemea mambo mawili tu: uzi umevutwa kwa nguvu gani, na mita moja ya uzi huo ina uzito gani. Ukiuvuta zaidi, wimbi huharakisha. Uzi ukiwa mzito, wimbi hupunguza kasi. Waya wa chuma wenye unene wa milimita 0.3 unahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kuning'iniza kilo 10 na ushei ndipo utoe noti ile.

Waya ukikatika, wengi hutafuta mnene zaidi. Tupige hesabu taratibu. Unene ukiwa mara mbili, chuma kilichomo ni mara nne, na uwezo wa kubeba ni mara nne. Lakini uzito wa kila mita nao ni mara nne, kwa hiyo nguvu ya kuuvuta hadi noti ileile inapanda mara nne pia. Hakuna ulichopata. Mnene au mwembamba, kila milimita ya mraba ya chuma inabeba karibu kilo 147. Hili ni jambo linalonifurahisha kila ninapolieleza, kwa sababu linamwokolea mtu fedha. Waya laini wa kufungia nondo hukatika kwenye kilo 40 hivi kwa milimita ya mraba. Noti ile hautaifikia kamwe. Waya wa ala za muziki, chuma chenye kaboni nyingi kilichovutwa baridi, hubeba kiasi cha 250. Uzi huo nunua.

Noti za chini zina huruma. Mitetemo ikipungua kwa nusu, mzigo hushuka hadi robo. Ndiyo maana uzi uliochambuliwa kutoka waya wa breki za baiskeli umewafaa mafundi wengi wa magitaa ya kienyeji barani Afrika.

Nailoni ni nyepesi karibu mara saba kuliko chuma, kwa hiyo noti ileile ya juu huidai kilo 21 tu kwa milimita ya mraba. Mshipi mzuri wa wavuvi, wenye unene wa milimita 0.7, huweza mzigo huo bila shida. Ila tazama kwanza gitaa lako. Kama nyuzi hufungwa kwa fundo kwenye kibao cha tumboni, na kichwa kina matundu mawili marefu, lilitengenezwa kwa ajili ya nailoni, ambayo nyuzi zake sita huvuta jumla ya kilo 40 hivi. Za chuma huvuta karibu 70. Ukizifunga hapo, tumbo litavimba na kibao kitabanduka.

Kipande cheupe kilichopotea hakihitaji duka. Mfupa wa paja la ng'ombe, uliochemshwa hadi mafuta yaishe, ukakaushwa na kusuguliwa kwa msasa, ni mgumu kuliko plastiki laini na haumezi mtetemo. Mahali pake ndipo penye kazi. Inanga, ala yetu ya jadi ya nyuzi, haina vipande vya chuma vya kugawa uzi, basi mpigaji hukaza kila uzi hadi sikio liridhike. Gitaa limekwisha kugawanywa kiwandani: kipande cha chuma cha 12 kinakaa nusu ya urefu wa uzi. Pima kutoka mwanzo wa shingo, upande wa kichwa, hadi kipande hicho, rudia urefu huo kuelekea chini, kisha ongeza milimita 2 au 3, maana kidole kikibonyeza huuvuta uzi na kupandisha sauti. Ukikosea kwa milimita 5, nyuzi zikiwa wazi zitalia sawa, lakini kila unapobonyeza zitakwenda kombo.

Funguo za kukazia nazo zinunuliwe. Meno yaliyolika hayachongeki. Kabla hujaagiza Bujumbura, au kumtuma mtu anayevuka mpaka wa Kobero, pima umbali kati ya kitovu cha mhimili mmoja na mwingine. Nyingi za kisasa za magitaa ya nailoni ni milimita 35, lakini za zamani hutofautiana. Andika kipimo hicho, urefu wa uzi, na aina ya nyuzi. Mwenye duka akiuliza unataka za gitaa gani, mpe karatasi hiyo.