Mkanda wa Punda Ukazwe kwa Kiasi Gani?

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, punda hubeba maji, kuni na mahindi katika njia za milimani. Mkanda wa tumboni ukilegea, tandiko huteleza na mzigo hupinduka. Ukikazwa kupita kiasi, humchubua punda na kumbana pumzi.

1. Nunua mkanda mpana na laini. Kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi.
2. Uweke nyuma kidogo ya miguu ya mbele, mahali pakavu pasipo kidonda.
3. Kaza taratibu, ukihakikisha vidole viwili vilivyolazwa vinapita chini yake bila kulazimishwa.
4. Mwongoze punda hatua chache, kisha pima tena, kwa kuwa huenda alijaza hewa kifuani wakati wa kufungwa. Rudia baada ya kupakia na kabla ya kushuka mteremko.
5. Sawazisha mzigo. Maji ya dumu la lita 20 yana uzito wa kilo 20. Mzigo uliolemea upande mmoja haurekebishwi kwa kukaza mkanda.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Punda mwenye kidonda apumzishwe na aonwe na afisa mifugo. Akishindwa kazi, mzigo wake hurudi mgongoni mwa familia.