Tanuri la Kisu: Usidanganywe na Namba Kubwa
Kisu changu cha kwanza, cha springi ya gari, kilikatika mkononi mwa mama akimenya muhogo. Palipokatika, chembe zilikuwa kubwa kama sukari. Nilikuwa nimekipasha kwenye mkaa, nikikisia joto kwa rangi, nikalizidisha.

Sasa ukichagua tanuri la umeme, achana na kutamani nyuzi 1,200. Chuma cha 5160 kinataka 830 hivi tu. Angalia kipimajoto kimekaa wapi: kikibanwa mlangoni, kinakudanganya. Mimi huacha tanuri litulie kwanza, ndipo naingiza kisu, dakika kama kumi, halafu kwenye mafuta ya uvuguvugu. Kikishapoa, narudisha kwa nyuzi 200, saa mbili, mara mbili. Hapo ndipo wengi wetu tunaruka, eti tuna haraka ya kunoa! Bila hatua hiyo umeshika kioo.

Cha pili mama anacho, ila muhogo bado ananipa mimi nimenye.