Unapotaka List<Mteja>.class na Java inakataa

Una methodi inayosoma JSON kwa maktaba ya Jackson, saini yake ni hii:

static <T> T soma(String json, Class<T> aina)

Ukiipa Mteja.class inakurudishia Mteja, na raha iliyoje. Ikija orodha ya wateja, mkono unaandika wenyewe List<Mteja>.class, na kompaila inagoma papo hapo. Unarudi kwenye List.class. Hapo inakubali, huku ikinung'unika kwa onyo ambalo wengi wetu hatulisomi. Balaa linakuja mbele, mahali pengine kabisa, pale unapomtoa mteja wa kwanza kwenye orodha: ClassCastException, unaambiwa LinkedHashMap haiwezi kuwa Mteja.

Jeneriki ziliingia Java katika toleo la 5, mwaka 2004, wakati tayari kulikuwa na msimbo mwingi ulioandikwa bila hizo. Ili msimbo wa zamani na ule mpya iendeshwe pamoja, kompaila hukagua aina kisha huzifuta. Programu ikishaanza kukimbia, List<Mteja> na List<String> zote zinawakilishwa na klasi ileile moja, List.

Kabla ya kunakili dawa yoyote, jiulize ni nani hasa anayehitaji kuijua hiyo aina. Ni kompaila peke yake, au ni msimbo utakaounda vitu vyenyewe?

Kama ni kompaila tu, geuza mara mbili:

Class<List<Mteja>> k = (Class<List<Mteja>>) (Class<?>) List.class;

Kugeuza moja kwa moja kunakataliwa, kupitia Class<?> kunapita, ukiongeza @SuppressWarnings("unchecked") juu yake. Hii inatosha, kwa mfano, unapomwomba Mockito akutengenezee List ya bandia ya majaribio. Lakini ukiipeleka k kwa Jackson hujafanya kitu. Umebandika lebo mpya kwenye kopo. Kilichomo ni kilekile, na LinkedHashMap zako zitarudi.

Kama maktaba ndiyo inayohitaji kujua, anza na njia fupi ambayo watu huiruka: safu. Safu za Java hazifutiwi aina ya vipengele vyake, kwa hiyo Mteja[].class ni klasi halali kabisa. Andika Arrays.asList(soma(json, Mteja[].class)) na kazi imekwisha. Orodha hiyo haikui, basi ukihitaji kuongeza wateja izungushie new ArrayList<>(...).

Safu haitakufaa kwa Map<String, List<Mteja>>. Hapo tumia mbinu aliyoieneza Neal Gafter mwaka 2006. Ufutaji hauondoi kila kitu: klasi inaporithi aina yenye jeneriki, maelezo ya urithi huo hubaki ndani ya faili la .class, na getGenericSuperclass() huyasoma. Ndiyo maana Jackson ana TypeReference na Gson ana TypeToken. Ipe methodi yako ndugu mmoja anayepokea TypeReference<T> badala ya Class<T>, kisha umwite hivi:

soma(json, new TypeReference<Map<String, List<Mteja>>>() {})

Hayo mabano {} ya mwishoni si pambo. Ndiyo yanayozalisha klasi ndogo isiyo na jina, na kumbukumbu ya aina imekaa ndani yake.

Mtego uliobaki unawanasa hata wazoefu. Ndani ya methodi yenye <T>, ukiandika new TypeReference<List<T>>() {}, kinachohifadhiwa ni herufi T yenyewe, haijulikani ni Mteja wala ni nani. Msimbo unakompaili, majaribio mepesi yanapita, LinkedHashMap zinarudi. Pokea Class<T> k kutoka kwa mwitaji, halafu jenga aina mwenyewe: kwa Jackson ni mapper.getTypeFactory().constructCollectionType(List.class, k), na kwa Gson ni TypeToken.getParameterized(List.class, k).

Na ukishakuwa na hiyo k mkononi, acha kuandika (T) kitu. Andika k.cast(kitu). Ile ya kwanza haikagui chochote pale ilipo, hii inalipuka palepale kosa lilipotokea, na kulitafuta kunakuwa rahisi. Angalia tu aina za msingi: int.class inajiita Class<Integer>, lakini int.class.cast(5) hutupa ClassCastException, kwa hiyo tumia Integer.class.