Dawa ya nguruwe na mgonjwa wa hospitali

Wengi wetu tunatia antibiotiki katika maji ya kuku, hata kama wako wazima. Tuangalie kile kilichotokea China.

Kule wafugaji walichanganya kolistine katika chakula cha nguruwe ili wanone upesi. Kumbe ndiyo dawa hospitali inayoweka kwa mwisho, zingine zikishashindwa. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba mikrobe za nguruwe, na za wagonjwa vilevile, ziko na jeni mcr-1 inayoshinda kolistine. Jeni ni maagizo ndani ya mikrobe; kwa kawaida inarithisha watoto wake tu. Lakini mcr-1 inakaa kwenye pete ndogo, plasmidi, ambayo mikrobe inaweza kupatia jirani, hata asiye wa ukoo wake. Kwa hiyo mikrobe ya nguruwe haina lazima imgonjeshe mtu: inatosha ipite tumboni mwake na kuachia nyingine ile pete.

Mwaka 2017 China ilikataza kolistine ya kunonesha. Baadaye mcr-1 ilipungua sana, kwa nguruwe na kwa watu.

Basi kuku mzima asipewe antibiotiki. Akigonjwa, uliza veterinere kwanza, maliza siku alizosema, na mayai usiuze mpaka aruhusu.