Kanuni za Kufungasha Programu: Jinsi Wanaojitolea Wanavyolinda Viwango

Chupa ya kemikali isiyo na lebo haina faida katika maabara ya shule. Hata kama kilichomo ni safi, mwalimu hathubutu kukitumia, kwa kuwa hajui ni kitu gani, kina nguvu kiasi gani, wala hakipaswi kuchanganywa na nini. Programu za kompyuta nazo zina haja hiyo hiyo. Programu iliyotungwa vizuri lakini ikafungashwa vibaya yaweza kuharibu kazi ya nyingine zilizomo katika mashine.

Kifurushi ni nini?

Programu hutungwa kwanza kwa maandishi yanayosomeka na binadamu, ambayo huitwa msimbo asilia. Programu ikiwa huria, kila mtu anaruhusiwa kuusoma msimbo huo, kuubadili na kuusambaza. Hata hivyo, watumiaji wengi hawana ujuzi wa kuugeuza kuwa programu inayofanya kazi. Kazi hiyo hufanywa na mfungashaji. Yeye huugeuza msimbo, huyapanga mafaili yanayotokana nao, kisha huyatia yote katika faili moja iitwayo kifurushi. Kifurushi hubeba lebo yenye jina la programu, namba ya toleo, jina la mtunzaji, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Uhusiano huu wa mwisho huitwa utegemezi.

Utegemezi ndio unaoleta haja ya viwango. Kifurushi A kikitegemea B, na B kikitegemea C, kosa la C huviangusha vyote vitatu. Aidha, vifurushi viwili vikitaka kuweka faili yenye jina moja mahali pamoja, vitagongana.

Mfano wa Debian

Mwezi Agosti 1993, Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alitangaza mradi wa Debian. Huu ni mkusanyiko wa programu huria zinazofanya kazi juu ya Linux. Toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Watunzaji wake wametawanyika katika nchi nyingi na wanajitolea, kwani mradi hauwalipi mshahara. Katiba ya mradi, iliyopitishwa mwaka 1998, inaeleza kwamba hakuna anayelazimika kuufanyia mradi kazi, ila asizipinge kanuni zake kwa vitendo. Hapo ndipo swali linapozuka: viwango vitalindwaje mahali ambapo hakuna bosi wala mshahara?

Njia nne

1. Kanuni zimeandikwa na zina madaraja. Mwongozo wa kanuni za Debian hutofautisha jambo la lazima, jambo linalopasa kufanywa, na jambo la hiari. Kwa mfano, mafaili ya mipangilio ni lazima yawekwe katika saraka iitwayo /etc, na mabadiliko aliyoyafanya mtumiaji ni lazima yahifadhiwe toleo jipya linapoingizwa. Vilevile kila kifurushi ni lazima kiwe na maelezo ya hakimiliki na leseni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Kanuni hufuata kazi. Badiliko hupendekezwa hadharani, hujadiliwa, na huhitaji kuungwa mkono na wengine. Kwa kawaida utaratibu hujaribiwa kwanza katika vifurushi. Ukifaa, ndipo huandikwa kuwa kanuni.

3. Mashine hukagua. Programu iitwayo Lintian hukichunguza kifurushi na kuorodhesha makosa yake. Mtunzaji hapati nafasi ya kusema kwamba ameonewa, maana kipimo ni kimoja kwa wote.

4. Adhabu hukipata kifurushi, si mtu. Kuvunja kanuni ya lazima huhesabiwa kuwa hitilafu kubwa, na kifurushi chenye hitilafu hiyo chaweza kuachwa nje ya toleo lijalo. Mtunzaji hatozwi faini, na mtu yeyote anaruhusiwa kuleta marekebisho.

Mipaka ya viwango

Viwango havimalizi kila hatari. Mwaka 2006, mistari michache ya msimbo iliondolewa katika kifurushi cha OpenSSL cha Debian, kwa sababu chombo cha ukaguzi kilikuwa kikitoa onyo juu yake. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyochanganya namba za bahati nasibu ambazo hutumika kutengeneza funguo za siri za mawasiliano. Ilipoondoka, kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila programu inapoanza kufanya kazi; wakati huo namba hiyo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Hivyo funguo ambazo zingepaswa kuwa nyingi kupita hesabu zikawa chache kiasi cha mwizi kuweza kuzijaribu zote. Kosa lilitangazwa Mei 2008, na watumiaji wakalazimika kutengeneza funguo mpya.

Kosa hilo halikuwa la lebo, la mahali pa mafaili wala la utegemezi. Kifurushi chaweza kutimiza kanuni zote za umbo na bado kikawa na dosari moyoni. Baadaye ulienea utaratibu wa kuweka kila badiliko la mfungashaji katika faili yake, pamoja na sababu yake, ili macho mengine yaweze kulipima.

Kwa hiyo kiwango hakichukui nafasi ya mtu anayefikiri. Faida yake ni kumwondolea makosa madogo yanayojulikana, apate wasaa wa kuyatafuta yale ambayo mashine haiyaoni.

Maswali

1. Eleza maana ya utegemezi kati ya vifurushi, na utoe mfano mmoja.
2. Kwa nini kanuni za lazima hutenganishwa na zile za hiari?
3. Ukaguzi wa mashine ungeweza kulizuia kosa la mwaka 2006? Toa sababu.
4. Andika kanuni tatu za kutunza vifaa vya maabara ya shule. Taja daraja la kila moja, na namna itakavyokaguliwa.