Fedha na Bidhaa Zikutane Ana kwa Ana

Biashara ya kuuziana vitu mitandaoni imewafungulia wengi wetu mlango wa riziki, kwa kuwa mama wa Mbagala aliye na friji asilolihitaji aweza kumpata mnunuzi wa Tegeta pasipo kumlipa dalali wala kulibeba friji hilo hadi mnadani. Nami kwa miaka kadhaa nimenunua na kuuza kwa njia hiyo hapa Dar es Salaam, hasa simu zilizotumika na vyombo vya nyumbani, na haya nitakayoyaeleza ndiyo niyafuatayo mwenyewe. Yote yarejea kwenye kanuni moja: fedha na bidhaa zikutane ana kwa ana, kwa wakati mmoja, wala kimoja kisimtangulie mwenziwe. Ukizichunguza hila za matapeli, utaona dhahiri kwamba kila moja imekusudiwa kuivunja kanuni hiyo, na kwamba njia yao kubwa ya kuivunja ni kukuharakisha.

Kwa mnunuzi

La kwanza ni bei. Kabla ya kumwandikia muuzaji yeyote, mimi huuliza bei ya kitu hicho hicho katika maduka mawili matatu ya Kariakoo ili niijue thamani yake. Na nikikuta tangazo linalokitoa kwa nusu ya thamani hiyo, kwa maelezo kwamba mwenyewe yu safarini au amefikwa na msiba, huliacha lilivyo, maana aghalabu unafuu wa namna hiyo huwekwa makusudi ili tamaa iizidi akili.

La pili ni kuthibitisha kwamba kitu kipo. Picha peke yake si ushahidi, kwani yaweza kuchukuliwa kutoka tangazo la mtu mwingine. Kwa hiyo humwomba muuzaji, kwa adabu, anipigie picha mpya yenye karatasi iliyoandikwa jina lake na tarehe ya siku hiyo kando ya kitu chenyewe, au tuonane kwa simu ya video akiwasha kitu hicho nami nikitazama. Mwenye mali huliona hilo kuwa ni jambo la dakika moja, ilhali asiye na mali hukasirika, hudai kwamba wateja wengine wanangoja, kisha hutaka arbuni. Iwe imeitwa arbuni, nauli ya mzigo au ushuru wa kuutoa mzigo bandarini, fedha itokayo kabla ya macho yako kuiona mali usiitoe.

La tatu ni ukaguzi, nao ufanyike mchana, mahali penye watu, ukiwa na mwenzako. Ikiwa ni simu, bonyeza *#06#, na tarakimu 15 zitakazojitokeza zilingane na zile zilizochapwa kwenye boksi. Kisha zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ukijibiwa kwa jina la simu isiyo ile uliyoishika, irudishe kwa mwenyewe. Tia laini yako upige simu, ijaribu chaji, na uhakikishe kwamba akaunti ya mwenyewe imeondolewa mbele yako, kwa sababu simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haitakufaa.

Ukiridhika, andikianeni hati fupi ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho vya Taifa na sahihi, na kwa mali ya thamani kubwa iandikwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zaidi ya hayo kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, hata hati hiyo ikawa ndiyo kinga yako siku utakapoulizwa. Wakati wa kulipa kwa simu, lisome jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisipolingana na la kitambulisho, simama hapo.

Kwa muuzaji

Wengi hudhani kwamba atapeliwaye ni mnunuzi tu, kumbe muuzaji naye ana hatari zake, na iliyoenea mno ni ujumbe wa kughushi. Mnunuzi haji mwenyewe, bali humtuma bodaboda. Na kijana huyo akiwa mlangoni, pikipiki inaunguruma, ujumbe huingia kwamba umepokea shilingi 350,000, wenye namba ya muamala na shukrani kama ule wa kampuni hasa. Utazame kwa makini: mara nyingi umetoka kwa namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07, wala haukuingia pale zilipopangwa jumbe zako za zamani za huduma hiyo, na salio linalotajwa halipatani na hesabu yako. Walakini hata ukionekana hauna dosari, mimi sitoi mali kwa ujumbe. Hufungua menyu ya huduma ya fedha, nikaangalia salio langu, na lisipoongezeka mali haitoki. Kijana wa bodaboda umtendee kwa insafu, kwani huenda naye hajui lolote.

Akipiga mtu kusema amezidisha na kuomba umrudishie ziada, angalia salio kwanza, na hata ukiiona ziada mwambie aombe marejesho kwa kampuni yake ya simu. Yahifadhi pia mazungumzo yenu yanayotaja kitu na bei, kwa sababu wapo wanaolipa kweli, wakachukua mali, kisha wakaiambia kampuni kwamba walikosea namba. Tena hakuna anayehitaji namba yako ya siri, wala tarakimu sita za uthibitisho za WhatsApp, ili akutumie fedha.

Ikiwa umekwisha kudhulumiwa

Usione haya, maana aibu ni ya mwizi. Piga 100 kwa kampuni yako ya simu papo hapo, kabla fedha haijatolewa. Iripoti namba ya tapeli kwa 15040. Usifute ujumbe hata mmoja, kisha uende polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeufanya udanganyifu wa namna hii kuwa kosa.

Ndugu msomaji, mtu mwaminifu hachukii kuthibitishwa. Nawe ukiwa muuzaji, toa kitambulisho na risiti yako kabla hujaombwa, ili wanunuzi wazoee kuvidai, na asiye navyo akose wa kumuuzia.